Miwani Inavuja, Mrija Unakupalia: Yanayowasumbua Wanaochungulia Bahari Mara ya Kwanza

Kila Desemba shule zikifungwa, ndugu zangu wa bara hushuka Unguja, na kazi ya kuwapeleka kutazama samaki huniangukia mimi. Wanatoka Dodoma, Mbeya, mmoja Nairobi. Wengi wao maji makubwa waliyowahi kuingia ni bwawa la hoteli. Tumekwenda visiwa vya Changuu na Mnemba, ufukwe wa Kendwa, na mara moja Kisite, ng'ambo ya Shimoni kule Kenya. Malalamiko ni yale yale kila mwaka. Huyu anasema miwani ni mbovu, yule anasema mrija umetoboka, wa tatu ameshajihukumu kwamba hakuumbiwa maji. Ukichunguza, kinachosumbua si kile kinacholalamikiwa. Miwani inayovuja ina nywele chini ya mpira. Anayechoka baada ya dakika tano hachoshwi na kuogelea, anachoshwa na pumzi fupi.

Kwa hiyo nimeyapanga hapa kama watu wanavyoyalalamikia. Nikisema miwani nina maana ya ile kubwa inayofunika macho pamoja na pua. Vijana wa boti huiita maski. Mrija ni lile bomba la kupumulia. Mapezi ni vile viatu virefu vya mpira kama miguu ya bata.

"Nikiweka uso majini, pumzi inakatika"

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowarudisha watu wengi botini, na wengi huona aibu kulisema. Mwili una desturi yake: uso ukiguswa na maji, mtu hujifunga pumzi. Halafu pua imefungiwa ndani ya miwani, nawe tangu uzaliwe umepumua kwa pua. Mambo hayo mawili yakikutana, kichwa kinapiga kelele kwamba hewa hakuna, ingawa mrija uko wazi na hewa ipo tele.

Dawa yake haipatikani kwenye maji marefu. Simama mahali maji yanakufika kiunoni, bila mapezi. Vaa miwani peke yake, pumua kwa mdomo hukohuko juu mpaka usahau kwamba una pua. Kisha tia mrija mdomoni, bado umesimama. Kisha inama, shika magoti, uso majini, hesabu pumzi kumi. Inuka. Rudia. Shangazi yangu wa Dodoma alifanya hivi nusu saa nzima pale Kendwa, sisi wengine tumeshanuna kwa kumngoja. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka majini, na ilibidi aitwe mara tatu.

Chanzo cha pili ni pumzi fupi. Kila unapotoa hewa, sehemu yake inabaki ndani ya mrija, na ukivuta, hiyo iliyobaki ndiyo inayotangulia kurudi mapafuni. Ukihema kidogokidogo kama mbwa aliyekimbizwa, unazungusha hewa ileile iliyokwisha kutumika. Kabonidayoksaidi inajaa mwilini, na hiyo ndiyo inayoleta hisia ya kukabwa. Ukikabwa unahema haraka zaidi, na mambo yanazidi kuharibika. Toa pumzi polepole mpaka iishe, kama mtu anayepoza chai. Kuvuta kutajiendea kwenyewe.

Ndiyo sababu usikubali mrija mrefu. Wa kawaida hauzidi sana sentimita 40. Kuna mpwa wangu aliyetaka kuunga bomba la mita moja ili ashuke chini huku akipumua. Mbali na hewa chafu itakayobaki bombani, kifua kilichoko mita moja chini kinakandamizwa na maji, ilhali hewa anayotaka kuivuta iko juu isikokandamizwa. Misuli ya mbavu haina nguvu hizo, na atakayeng'ang'ania anaweza kuyaumiza mapafu.

Miwani ya uso mzima, ile unayopumulia kwa pua na mdomo bila kung'ata kitu, huwavutia wenye hofu hii. Mimi siipendi. Ikiingia maji huwezi kuyapuliza nje kama kwenye mrija wa kawaida, na ukibanwa huwezi kutema tu kipande mdomoni upate hewa. Lazima uivue yote kichwani, kazi ambayo mtu aliyeshikwa na hofu huivuruga. Ukiamua kuitumia, jifunze kwanza kuivua kwa mkono mmoja ukiwa umesimama kwenye maji mafupi.

Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuelea, wala asione haya. Nahodha mwenyewe mara nyingi analo chini ya kiti. Jaketi likikupanda mpaka masikioni, ujue mikanda ya chini haijafungwa. Likikugeuza chali kila ukijaribu kulala kifudifudi, halina kasoro: majaketi mengi ya botini yametengenezwa ili uso wa mtu uelekee juu hata akizimia. Badala ya kupigana nalo, mwombe kijana wa boti ateremshe boya la duara mlishike pamoja, naye alivute. Watu wengi wasiojua kuogelea wameiona Mnemba kwa njia hiyo, mikono yote miwili juu ya boya.

Na kuna pumzi ambayo si ya hofu. Ukitoa mrija, ukainua kichwa, na bado pumzi hairudi, au kifua kinauma, au unaona kizunguzungu, inua mkono uitwe, utoke majini, na siku hiyo iwe imeisha. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia amwone daktari kabla ya kununua tiketi ya boti.

"Miwani inaingiza maji"

Kabla hujaisingizia miwani, ipime ukiwa nchi kavu. Irudishe mikanda mbele ya kioo isikusumbue, iweke usoni bila kuivaa, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Ikikaa hapo usoni muda wote umeshika pumzi, inakufaa. Ikidondoka, umbo la uso wako na la mpira ule havielewani, na hakuna mkanda utakaovipatanisha. Omba nyingine. Kwenye boti moja tuliyokodi mpira ulikuwa mgumu kama soli ya kandambili, umepasuka kwenye kona, na tulikuwa tumeshafika mwambani. Tangu hapo huwa nazipima zote pwani, moja moja, hata nahodha akikunja uso.

Kama ilikaa vizuri pwani lakini inavuja majini, tafuta hivi.

Mkanda umekazwa mno. Hili nimeliona mara nyingi kuliko mengine yote. Mtu anaona tone moja, anakaza, mpira unakunjika pembeni, maji yanazidi, anakaza tena. Ukitoka na alama nyekundu kuzunguka macho kama bundi, jibu unalo. Legeza. Majini ni maji yenyewe yanayoisukuma miwani usoni, mkanda upo kuizuia isiende zake. Nao ukae juu ya masikio, nyuma ya kichwa pale palipo pana, usishuke shingoni.

Nguo na nywele. Kwa akina mama wanaoingia na ushungi au burkini, ukingo wa kitambaa kwenye paji la uso mara nyingi unalala chini ya mpira, na uzi mmoja unatosha kupitisha maji. Sukuma kitambaa nyuma kidogo, mpira ukae juu ya ngozi, kisha mkanda upite juu ya kitambaa. Mwenye rasta au misuko mikubwa afunge fundo chini, kisogoni, mkanda upite juu ya fundo. Akifunga fundo utosini, mkanda utateleza kila akigeuka.

Sharubu. Binamu yangu hakukubali kuzinyoa, na kwa siku mbili alitazama samaki huku pua imeogelea. Vijana wa boti hupaka Vaseline hapo, na kwa saa moja inasaidia, ila mafuta ya petroli huula mpira taratibu, na mpira ni wa mtu. Mstari mwembamba ulionyolewa chini ya pua, pale mpira unapokaa, unatosha; sharubu nyingine zibaki na heshima yake.

Kucheka. Mashavu yanapanda, mikunjo inafungua njia. Kasa akipita chini yako utacheka tu, huna la kufanya, kwa hiyo jifunze kuyatoa maji badala ya kujifunza kununa. Ukiwa juu ya maji, inua kichwa, vuta ukingo wa chini wa miwani, yamwagike. Ukiwa umezama, bana ukingo wa juu kwenye paji la uso, tazama juu kidogo, puliza kwa pua.

Wenye miwani ya macho wasijaribu kuiingiza ndani ya hii. Vile vikono vinapita chini ya mpira na kuvuja hakuna mwisho. Zipo zenye vioo vya namba, uliza mapema. Na usishangae ukiona pweza mkubwa kuliko uliyemzoea sokoni. Mwanga ukitoka majini kuingia kwenye hewa ya miwani unapinda, na kila kitu kinaonekana kikubwa kwa kama theluthi moja, tena karibu zaidi ya kilipo.

"Naona ukungu tu"

Miwani mpya ina utando mwembamba uliobaki kutoka kiwandani, na utando huo hushika mvuke. Usiku wa kuamkia safari, isugue kioo kwa ndani na dawa ya meno ya kawaida nyeupe, kwa kidole, kisha suuza. Rudia mara mbili tatu. Hii ni kwa kioo halisi, plastiki itachubuka. Miwani ya kukodi ilishapita hatua hiyo, yenyewe inahitaji mate. Tema kwenye kioo kikiwa kikavu, pakaza, suuza kidogo sana kwa maji ya bahari, vaa papo hapo. Mate yanafanya mvuke utandazike badala ya kukaa matone matone. Anayeona kinyaa atumie tone la shampuu ya watoto.

Ikirudia ukungu baada ya hapo, unapumua kwa pua bila kujijua, au unaipandisha kwenye paji la uso kila ukipumzika, ikapashwa joto na jasho. Ishushe shingoni.

"Mrija unanipalia"

Tazama kwanza unakotazama. Ukitazama mbele kidogo au chini moja kwa moja, ncha ya mrija inasimama juu. Ukikunja shingo kutazama tumbo lako au mapezi yako, ncha inalala na kunywa maji. Hakuna mrija uliotoboka hapo.

Wimbi likiingia, usivute. Puliza mara moja kwa nguvu, "tu!", kama unatoa mbegu ya ubuyu mdomoni kwa hasira, na maji yanaruka nje kwa juu. Pumzi inayofuata ivute taratibu, ulimi umeinuliwa, kwa sababu matone kadhaa hubaki. Zoezi hili nalo lifanyike maji yakiwa kiunoni, kwa kuuzamisha mrija kwa makusudi. Mrija wenye valvu chini ukivuja mfululizo, ifungue: mara tisa kati ya kumi ni chembe ya mchanga.

Taya likiuma, unang'ata kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Midomo ndiyo inayoziba maji, meno kazi yake ni kushikilia tu.

"Masikio yanauma nikishuka"

Maumivu huanza mita mbili au tatu chini. Bana pua kupitia mpira wa miwani, puliza polepole mpaka masikio yafunguke, na ufanye hivyo kabla hayajauma. Yakikataa, panda juu. Mwenye mafua abaki juu siku hiyo. Miwani midogo ya bwawani, isiyofunika pua, haifai kushukia, kwa kuwa huwezi kuipulizia hewa na itayavuta macho.

Kwa vijana wanaoshindana nani atakaa chini zaidi: msihemeheme haraka kabla ya kushuka mkidhani mnajaza hewa. Mnachofanya ni kuifukuza kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo inayokuamsha upande juu. Bila kengele hiyo oksijeni huisha kimyakimya na mtu huzimia majini, hata mtu hodari, hata kwenye maji ya mita tatu. Na wakati mmoja akishuka, mwenzake abaki juu akimtazama.

"Napiga miguu lakini siendi"

Unapiga kwa magoti, kama unaendesha baiskeli. Mguu utoke nyongani, goti lilegee kidogo tu, pezi libaki chini ya maji. Mikono haina kazi, iache. Mtu anayerusha maji juu kama injini ya boti ya fiba huchoka, hufukuza samaki, na shavu la mguu humkaza. Likikaza, lala chali, shika ncha ya pezi, ivute kuja kwako huku goti limenyooka, subiri. Pezi likikuchubua kisigino, vaa soksi ndani yake, soksi za kawaida tu.

Ukianza kutetemeka, toka hata kama unaona raha. Bahari yetu ina nyuzijoto kama 25 mwezi wa Agosti na hupanda kukaribia 30 mwezi wa Machi, lakini maji huuibia mwili joto haraka kuliko hewa mara nyingi sana.

"Tumefika, bahari haipo"

Hili huwapata waliochagua hoteli kwa picha. Matemwe, Paje, Jambiani, maji yakipwa yanarudi mbali mno, unabaki na mchanga, mashamba ya mwani na akina mama waliochuchumaa wakifunga kamba zao. Hakuna kilichoharibika. Uliza maji, usiulize saa.

Kuna bamvua na kuna maji mafu. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Unguja inaweza kufika kama mita nne. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, na tofauti hupungua sana. Kwa kawaida siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa kama dakika 50. Kwa hiyo anayetaka kuchungulia kuanzia ufukweni asubuhi, wiki ya maji mafu ni rafiki yake. Nungwi na Kendwa maji hayakimbii hivyo, unaweza kuingia karibu saa yoyote.

Bamvua lina jambo jingine: mikondo. Maji mengi yanapaswa kupita penye njia zilezile kati ya miamba kwa saa zilezile sita, kwa hiyo yanakimbia. Kama unajikuta unaelekea mahali ambapo hukukusudia, geuka utazame boti. Ikipungua ukubwa, umebebwa. Usishindane na mkondo uso kwa uso, hata muogeleaji mzuri hauwezi kwa muda mrefu. Kata kwa upande, au elea tu, jaza jaketi kama ni la kujaza, inua mkono mmoja juu na kuupunga. Boti ndiyo inayokufuata wewe. Ili isitokee, anza kuogelea ukielekea mkondo unakotoka, upate kurudishwa ukichoka. Nahodha akikwambia "leo maji makali, mwanangu, tukae upande huu wa mwamba", usimwambie umelipia Mnemba yote.

Pale Mnemba nahofia boti kuliko papa. Zinajaa, zinazunguka pomboo, watu wanarukia majini wakati injini bado inazunguka. Vaa rangi inayoonekana, kaa na kundi lako, na usiibuke bila kuinua mkono na kutazama juu.

Maji yakiwa na vumbi huoni kitu, na lawama si ya mwongozaji. Ni upepo au mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mito na vijito huteremsha udongo. Kusi inapovuma, pwani ya mashariki na kusini huchafuka. Kaskazi inapovuma, upande wa Matemwe hupata mawimbi. Kipindi cha katikati, upepo unapogeuka, hasa Oktoba na Novemba, bahari hulala kama mafuta. Changuu na Bawe, karibu na Mji Mkongwe, nenda maji yanapojaa, yanaleta maji safi ya nje.

"Kitu kimenichoma"

Vichomo vidogo vidogo mwili mzima, bila alama, ni vijidudu vinavyoelea na vipande vya konyeza, wale wengine wanaowaita yavuyavu. Huisha vyenyewe. Ukiona nyuzi zimenata, ziondoe kwa kadi au kibano, suuza kwa maji ya bahari. Usisugue, wala usimwagie maji ya bomba, kwa kuwa yanaweza kufyatua sumu iliyobaki. Na lile la kukojolea palipochomwa mwachie aliyekusimulia.

Mistari myekundu inayowasha kwenye goti au kiwiko ni matumbawe; uliyagusa. Osha vizuri kwa sabuni na maji safi, kwa sababu kidonda cha matumbawe hupenda kutunga usaha.

Miiba mieusi kama sindano za cherehani iliyokatikia mguuni ni ya wale viumbe weusi wa duara waliojipanga kwenye majabali na nyasi za bahari. Ulikanyaga. Watu wa pwani hupaka utomvu wa papai bichi na kungoja. Mwiba uliotokeza utoe kwa kibano, uliokatikia ndani usiuchimbe kwa sindano. Ulio karibu na kiungo, au mguu ukivimba siku ya pili, nenda hospitali. Viatu vya raba vya buku chache vingekuokoa kwenye njia ya kuingilia, ila mapezi na viatu vyote havikupi ruhusa ya kusimama juu ya matumbawe. Yale mabonge ya duara hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Bonge la ukubwa wa kiti limekuwepo tangu kabla babu hajaoa.

Maumivu makali yanayopanda mguuni baada ya kukanyaga kitu kama jiwe, au baada ya samaki aitwaye taa kukupiga kwa mwiba wa mkiani, ni jambo jingine. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, apime mtu mwingine kwa mkono wake, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza nguvu ya sumu hizo. Wakati mguu umo ndani ya ndoo, gari litafutwe.

"Natapika kabla hata ya kufika"

Kaa katikati ya boti, mbali na moshi wa injini, tazama upeo wa bahari. Simu iweke mfukoni. Kula kitu kikavu asubuhi, siyo chapati za mafuta tatu. Tangawizi huwasaidia wengine. Dawa ya kichefuchefu imezwe kama saa moja kabla. Ukishaanza kutapika umechelewa. Baadhi zinaleta usingizi, kwa hiyo ijaribu siku ambayo huingii majini. Wengine hupata nafuu wakishuka majini, lakini aliyetapika na bado analegea asishuke.

"Mgongo unawaka moto usiku"

Ngozi yetu nyeusi haikuepushi. Saa moja kifudifudi, maji yanapoza, hujisikii unaungua. Mgongo, nyuma ya magoti na kisogo hulipa jioni. Fulana ya mikono mirefu hushinda mafuta yoyote, haiyeyuki, haiingii machoni, wala haiulegezi mpira wa miwani. Ukipaka mafuta ya jua, ruka paji la uso. Soma pia kopo: Hawaii ilipiga marufuku kuuza yenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia 2021, kwa ajili ya matumbawe. Kwetu bado yanauzwa.

"Samaki wachache, na matumbawe ni meupe"

Samaki wakiwa wachache, sababu huwa ni wewe. Tulia, elea bila kupiga miguu dakika tatu, watarudi. Mkate usiwape.

Matumbawe meupe yaliyo hai yamepoteza vijimwani vidogo mno vinavyoishi ndani yake, vinavyoyalisha na kuyapa rangi, kwa sababu maji yamepata joto kupita kiasi. Ilitokea vibaya sana magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1998, tena 2016. Maji yakipoa mapema hupona. Yakichelewa hufa na kufunikwa na majani ya kahawia. Ukitaka kuona mwamba uliotunzwa, kisiwa cha Chumbe kimehifadhiwa tangu 1994 na wageni wanaoruhusiwa kwa siku ni wachache. Ni ghali. Nimekwenda mara moja, nikatoka majini sina la kusema. Rangi nyekundu ikikosekana kila mahali, hilo halina uhusiano na joto: maji hunyonya wekundu ndani ya mita chache za mwanzo, na samaki mwekundu aliye chini ataonekana kijivu mpaka ummulike.

"Nilipaliwa asubuhi, mpaka jioni nakohoa"

Kukohoa dakika chache ni kawaida. Kikohozi kisichokatika, pumzi nzito au usingizi usio wa kawaida saa kadhaa baadaye, hasa kwa mtoto, ni safari ya hospitali usiku huohuo.

"Ndege yetu ni kesho alfajiri"

Wazamiaji wa mitungi wanaambiwa wasubiri kama saa 18 hadi 24 kabla ya kupanda ndege, na kila mwaka kuna ndugu anayesikia hilo na kukataa kushuka majini siku ya mwisho. Wewe ulikuwa unapumua hewa ya juu kwa mrija. Ingia. Boti ya mwisho ya kurudi Kendwa inaondoka kabla jua halijazama.